Nishikie Fimbo

"Mstari wa chini kabisa unauona?"

"Naona."

"Nisomee."

Milimita akausoma mstari wa herufi ndogo uliokuwa ukutani, herufi baada ya herufi, bila hata kukunja uso. Daktari wa macho akamgeuzia ubao mwingine, akausoma nao. Akamfunika jicho moja, kisha la pili, akammulika kwa kurunzi, akamwambia atazame juu, chini, pembeni. Mwisho akarudi kwenye kiti chake akicheka.

"Dada yangu, kwa macho haya unaweza kumwona mbu akipiga miayo. Nani kakuambia una tatizo?"

"Mtihani ndio ulioniambia, daktari."

Mchumba wake, ambaye watu wote walimwita Nguzo, alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni na mkoba wa Milimita mapajani. Jasho lilikuwa linamtoka ndani ya chumba chenye feni.

"Labda tujaribu hospitali nyingine," akasema. "Wakati mwingine vipimo hukosea."

Daktari alimtazama kama mtu aliyetukanwa kistaarabu. Hakujua kwamba kijana yule ndiye mtu pekee aliyefahamu kuwa macho ya Milimita hayakuwa na kasoro yoyote. Alimsindikiza mchumba wake kutafuta ugonjwa alioutunga yeye mwenyewe, na hapo bado alikuwa na uso wa kupendekeza hospitali ya pili.

Hawa wawili walikuwa mafundi sanifu katika kampuni moja ya kujenga barabara, wenye mikataba mifupi iliyokatika kila mvua ilipoanza. Majina yao ya utani waliyapata kazini. Yeye aliitwa Milimita kwa sababu alikuwa radhi kusimamisha tingatinga na kugombana na dereva wake kwa tofauti ya milimita mbili. Mwenzake aliitwa Nguzo kwa urefu wake, na kwa jinsi alivyokuwa akisimama na fimbo ya kupimia bila kuyumba, hata nzi akitua puani pake.

Serikali ilipotangaza nafasi za wahandisi wasaidizi, waliamua kusoma pamoja. Walisomea kwa mama yake Nguzo, fundi cherehani, katikati ya marobota ya vitambaa. Waligawana masomo: Nguzo alichukua zege na nondo, Milimita akachukua mifereji na upimaji, kisha kila mmoja akamfundisha mwenzake. Anayekosea swali anaosha vyombo. Nguzo aliosha vyombo mpaka mama yake akaanza kuuona mtihani ule kuwa wa maana sana.

Siku za mapumziko walimwomba msimamizi wa kazi vifaa, wakaenda kufanya mazoezi kwenye uwanja wa mpira. Mmoja anachungulia kwenye darubini ya kupimia, mwingine anasimama mbali ameshika fimbo ndefu yenye namba. Unaanzia kwenye jiwe ambalo kimo chake kinajulikana, unazunguka uwanja ukipima pointi moja baada ya nyingine, halafu unarudi kwenye jiwe lilelile. Kimo kikirudi vilevile, umepita. Kikipishana kwa zaidi ya milimita chache, umeanguka.

Fimbo ikilala, hata kidogo, namba inayosomwa huzidi. Ndiyo maana Milimita alikuwa na desturi ya kumwinulia mkono yeyote anayemshikia fimbo, ili aitikise taratibu mbele na nyuma, na yeye achukue namba ndogo kuliko zote. Huo ndio wakati fimbo inakuwa wima. Kazini aliwasumbua watu wote kwa mkono wake ule. Nguzo peke yake ndiye aliyesamehewa.

"Wewe huna haja ya kutikisa," alimwambia siku moja. "Wewe ukisimama, umesimama."

Nguzo alitembea na maneno hayo wiki nzima akitabasamu peke yake.

Mtihani wa kuandika wote wawili walipita. Ukabaki wa vitendo. Mama yake Nguzo, ambaye tayari alikuwa ameshaanza kuwapigia mashangazi simu kuhusu harusi, ndiye aliyeleta habari iliyoharibu kila kitu. Aliitoa kwa mteja wake, aliyekuja kupimwa gauni, ambaye naye aliisikia kwa shemeji yake. Eti idara ile haipangi mume na mke kituo kimoja. Mmoja anatupwa huku, mwingine kule, na wanaonana kwa likizo.

"Ndoa ya kwenye simu siyo ndoa, mwanangu," alisema huku akitunga uzi kwenye sindano. "Utakuja kulea watoto kwa kuwapigia."

Maneno hayo yalimwingia Nguzo na hayakutoka. Mtu mwenye akili zake angekwenda ofisini kuuliza. Nguzo hakuuliza. Alikaa nayo moyoni, yakanenepa, na siku chache kabla ya mtihani akamjaribu Milimita kwa kuzungukazunguka.

"Nikikuomba kitu, utanikasirikia?"

"Kitaje kwanza."

"Mmoja wetu akipata kazi inatosha. Wewe ungeacha sasa, ukajaribu mwakani. Tungeoana kwanza tukatulia."

Milimita akafunga kitabu. "Kwa nini wa kusubiri asiwe wewe?"

Nguzo akafunua daftari lake. Akasema alikuwa anauliza tu.

"Hilo usiniulize tena," Milimita akasema. Kisha akacheka ili kulainisha mambo, akamgusa shavu. "Wewe nishikie fimbo tu. Mengine niachie mimi."

Siku ya vitendo, msimamizi wa mtihani aliwaambia watahiniwa kila mmoja achague mwenzake wa kumshikia fimbo. Hawakuhitaji hata kuangaliana. Nguzo alipima kwanza. Milimita alimshikia fimbo wima pointi zote, midomo ikimcheza kwa kumwombea, na kimo kikarudi kwenye jiwe bila kupishana hata milimita moja.

Ikaja zamu ya Milimita. Nguzo akazunguka na fimbo, pointi baada ya pointi, na kila mahali alikuwa Nguzo yuleyule. Wakafika bondeni, karibu na mtaro, mahali ambapo msomaji husoma juu kabisa ya fimbo na kosa dogo huwa kubwa. Mgongoni mwa fimbo kulikuwa na pimamaji ndogo ya duara. Kiputo kilikuwa katikati. Msimamizi alikuwa mbali, nyuma ya Milimita, na Milimita alikuwa ameinama kwenye darubini.

Nguzo akalegeza mikono. Fimbo ikaegemea mbele, kuelekea kwa Milimita. Ingeegemea kushoto au kulia, Milimita angeiona papo hapo. Ikielekea kwake, haoni kitu. Anasoma namba iliyozidi na kuiandika kwa imani.

Milimita aliinua kichwa. Kwa kitambo alimtazama Nguzo kutoka upande ule wa uwanja, na Nguzo akawa na hakika kwamba atapunga mkono. Laiti angepunga. Milimita akainama tena, akaandika, akamfanyia ishara asogee mbele.

Mwakani atajaribu tena, Nguzo akajiambia. Ni mwaka mmoja tu.

Matokeo yalipotoka, Nguzo alikuwemo na Milimita hakuwemo. Alilia begani kwa Nguzo, kwenye kibaraza cha mama, shati likalowa. Hakumlaumu msimamizi wala kifaa. Alijilaumu mwenyewe.

"Nafikiri macho yangu yameanza kuharibika," alisema.

Hapo ndipo mtu angesema kweli. Nafasi ilikuwepo, na hakuna aliyekuwa akisikiliza isipokuwa wao wawili. Nguzo akamfuta machozi kwa kidole gumba.

"Pole, mpenzi," akasema. "Tutakwenda kuyapima."

Ndivyo walivyofika kwa daktari wa macho, na ndivyo walivyotoka, wakakaa kwenye benchi nje ya kliniki, Milimita akiwa na cheti kinachosema macho yake ni mazima. Nguzo akaona amfariji.

"Usikate tamaa. Mwakani utajaribu tena. Mimi nitakuwa nimeshaingia, nitakusaidia kusoma."

"Hakuna mwakani."

"Kwa nini hakuna?"

"Umri. Mwisho wao ni miaka thelathini na mitano, na mimi naimaliza mwezi ujao."

Nguzo akageuka mzima mzima. "Si uliniambia una thelathini na miwili?"

"Nilikudanganya." Milimita alikuwa anaongea akitazama viatu vyake. "Siku ya kwanza uliponipeleka kwenu, mama yako aliniuliza mbele yako kama nimekuzidi umri. Alikuwa anacheka, lakini alikuwa anauliza kweli. Nikaogopa, nikajipunguzia. Nilipanga nikuambie tukishapata kazi. Unisamehe."

Alikuwa anamwomba msamaha, yeye. Nguzo alitamani ardhi ipasuke. Kosa alilolipimia mwaka mmoja lilikuwa limemkatia mwenzake maisha yote ya kazi, na mwenzake ndiye aliyekuwa ameinamisha kichwa kwa aibu.

"Sasa kama si macho," Milimita akasema polepole, "ni nini?"

"Labda kifaa."

"Kifaa ulikitumia wewe kwanza, na ukapita."

"Labda hesabu."

"Hesabu nimezirudia kichwani kila siku." Akanyamaza. Nguzo aliufahamu ukimya ule. Ndio ukimya aliokuwa nao kazini kabla hajasimamisha tingatinga. "Kule bondeni, karibu na mtaro, namba ilinishtua. Niliinua kichwa."

"Nakumbuka."

"Nilitaka kukupungia uitikise. Nikaona nitakuaibisha mbele ya msimamizi." Akamgeukia. "Fimbo ilikuwa wima?"

Watu wawili walipita wakibishana kuhusu foleni ya dawa. Nguzo akawasubiri wapite.

"Haikuwa wima."

"Ilikuteleza?"

Milimita aliuliza kwa sauti ya kubembeleza, kama mtu anayemwonyesha mwenzake pa kutokea. Angesema ndiyo, yangeisha. Wangelia pamoja na pengine wangeoana. Nguzo alifungua mdomo kusema ndiyo, akamtazama, akashindwa.

"Hapana. Niliilaza."

"Makusudi?"

"Makusudi."

Milimita hakupiga kelele. Akamuuliza sababu, na Nguzo akaimimina yote: maneno ya mama, vituo viwili, ndoa ya kwenye simu, na jinsi alivyodhani mwaka mmoja ni kitu kidogo. Milimita alimsikiliza mpaka mwisho.

"Ungeniambia unaogopa," akasema.

"Nilikuambia usubiri."

"Uliniambia nisubiri. Hukuniambia unaogopa. Ungeniambia, tungegombana, tungelia, tungeamua. Mimi naogopa pia. Unadhani nilikuwa nataka kulala peke yangu mji nisioujua?"

Nguzo akanyoosha mkono kumshika. Milimita akausogeza wake.

"Hilo la fimbo pengine siku moja ningelimeza," akasema. "Binadamu anateleza, hata kwa makusudi. Lakini baada ya hapo ukanileta huku. Kila asubuhi nafumba jicho moja, nafungua jingine, najipima, na wewe unanitazama. Unaniambia pole. Leo umekaa mle ndani umenishikia mkoba, mimi nasomeshwa herufi kama mtoto, na unajua."

"Nilishindwa jinsi ya kuanza."

"Naomba mkoba wangu."

Alipouchukua, aliondoka kwa mguu, na Nguzo hakuwa na ujasiri wa kumfuata. Jioni ile ikaingia meseji: "Rufaa za mtihani zinafungwa Ijumaa. Sikulazimishi, na sitakwenda kukushtaki. Nimekuambia tu ujue."

Akajibu: "Nipe nafasi tuongee." Ujumbe ukasomwa. Jibu halikuja.

Mama yake aliposikia, alisimamisha cherehani. Alimwambia mambo ya akili, na ubaya wake ni kwamba yalikuwa ya akili kweli. Ukienda kusema, kazi utaikosa. Mchumba naye ameshaondoka. Utabaki na nini mkononi? Tayari alikuwa amemshonea mashati mawili ya ofisini, yamening'inia mlangoni, yamepigwa pasi.

"Na mimi nilikuwa natania tu ile habari ya simu," mama akaongeza. "Sikukuambia ukafanye hivyo."

"Najua, mama."

Nguzo hakuwa shujaa. Aliahirisha kwenda kukiri siku hadi siku akijidai anafikiri, huku akijua fika kwamba anasubiri muda upite ili aseme umepita. Aliyeniambia mkasa huu alisema Nguzo alifikia hadi kulijaribu shati moja mbele ya kioo, akafunga vifungo vyote, akajitazama. Hakueleza alichokiona. Ila Ijumaa alikwenda ofisi ya ajira akiwa na nguo zake za kazini, zenye vumbi.

Ofisa aliyempokea alikuwa mama mtu mzima, mwenye sauti ya upole na kalamu isiyotulia. Alimsikiliza, akaandika, akamsomea alichoandika.

"Kwa hiyo unakiri ulimwangusha mtahiniwa mwenzako kwa makusudi."

"Ndiyo, mama."

"Unafahamu kwamba nafasi yako inafutwa leo hii, na hutaruhusiwa kuomba tena kwetu?"

"Nafahamu. Na yeye?"

"Atarudia vitendo. Ombi lake la mwanzo bado ni halali, umri wake tutauhesabu wa siku ile." Akamsogezea karatasi aweke sahihi. Nguzo alipomaliza, yule mama akaweka kalamu chini. "Sasa nikuulize kama mzazi. Kwa nini ulifanya hivi? Wewe ulikuwa umeshapita."

Nguzo akaeleza habari ya vituo. Uso wa ofisa ukabadilika, ukawa wa huruma.

"Nani alikuambia hivyo?"

"Nilisikia."

"Mwanangu, mume na mke tunawapanga pamoja kila mwaka. Wanaleta cheti cha ndoa, basi. Mngeoana, mkaleta cheti."

Nguzo akaitazama sahihi yake kwenye karatasi.

"Ungekuja kuuliza," ofisa akasema. "Hapa tunafungua kila siku."

Hakukumbuka alivyofika nyumbani. Kila alipofumba macho alijiona yeye na Milimita, kituo kimoja, wakigombea nani aoshe vyombo. Mtu akipoteza kwa sababu kitu hakikuwezekana, anaweza kulala. Nguzo alikuwa amepoteza kitu kilichowezekana, na kwa swali moja tu ambalo hakuliuliza.

Wiki zikapita. Alirudi kwenye kampuni ileile na mkataba uleule mfupi. Milimita alikuwa ameshaacha kazi pale, na hakuna aliyethubutu kumtaja mbele yake. Adhuhuri moja, Nguzo akiwa nyumbani na mama yake, simu ikaita. Ilikuwa namba aliyoijua kwa moyo.

"Nimepita," Milimita akasema.

"Hongera." Akakohoa. "Hongera sana. Nimefurahi kuliko kama ningepita mimi."

"Najua ulichofanya. Wameniambia. Asante."

"Usinishukuru."

"Nakushukuru kwa hilo tu. Wengi wasingekwenda."

Nguzo akapata ujasiri wa kijinga, ule unaompata mtu anayeona mlango haujafungwa vizuri. "Naweza kuja kukuona? Siyo kwa ubaya. Tuongee tu, uso kwa uso."

Kwa nyuma zilisikika sauti za watu wakicheka, huenda ni kwao, wakisherehekea.

"Nikwambie aliyenishikia fimbo?" akasema. "Dada mmoja mpole, naye alikuwa anarudia. Simjui, hajanikosea kitu. Nikamwinulia mkono aitikise. Pointi ya kwanza, ya pili, zote. Akiitikisa, nasoma, halafu namwambia aitikise tena. Mpaka msimamizi akaniuliza kama nina ugomvi naye."

"Kila mtu ulikuwa unamfanyia hivyo."

"Isipokuwa wewe. Wewe ndiye uliyekuwa mtu wangu wa kutotikisa." Sauti ikamkatika, akaivuta tena. "Bado nakupenda, usidhani sikupendi. Ila nikiolewa nawe, nitakutikisa kila siku. Ukichelewa, nitakutikisa. Ukiniambia pole, nitakutikisa. Na wewe utavumilia kwa sababu unajiona una deni kwangu, mpaka siku utakayochoka. Sitaki tufike huko."

"Hata nikikuambia sitachoka?"

"Unaona? Hapo tu nimeshajiuliza kama ni kweli."

Mwisho Milimita akamwambia amsalimie mama, na kwamba hana kinyongo naye. Akakata.

Nguzo akaiweka simu juu ya marobota ya vitambaa. Mama yake alikuwa ameacha kushona zamani, amekaa na mikono mapajani.

"Amesemaje?"

"Amepita."

"Mungu mkubwa." Mama akatabasamu kwa wasiwasi. "Na habari ya harusi? Mashangazi zako wameshaanza kujipanga, kila siku wananiuliza tarehe."

"Wapigie, mama. Waambie wasijisumbue tena."

"Wataniuliza sababu. Niwaambie nini? Kwamba binti amepata kazi kubwa akabadilika?"

Nguzo akatikisa kichwa.

"Waambie ni mimi," akasema. "Wakiuliza zaidi, nipe simu niwaeleze mwenyewe."